Kiingereza cha Wazee wa Watu

Bibi wa Kiingereza mwenye miaka 80 na ushei, akitaka kwenda msalani, anaweza kumwambia muuguzi kwamba angependa "to spend a penny", yaani kutumia peni moja. Muuguzi aliyefunzwa Machakos au Nakuru, aliyesoma anatomia na famakolojia yote kwa Kiingereza, anaweza kuanza kumtafutia pochi. Dakika mbili baadaye shuka limelowa, bibi ameaibika, na kwenye faili yake itaandikwa kwamba mgonjwa hawezi kuzuia mkojo. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyekosea sarufi.

Kauli hiyo ina historia yake. Tangu karne ya 19, milango ya vyoo vingi vya umma nchini Uingereza ilikuwa na kufuli la sarafu: unatumbukiza peni moja, mlango unafunguka. Peni ile ya zamani ilipitwa na wakati Februari 1971, nchi ilipoacha hesabu ya peni 12 kwa shilingi na kuhamia mfumo wa desimali. Kijana wa London leo huenda asiitumie kauli hiyo kabisa. Lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa na miaka 30 hivi siku peni hiyo ilipokufa, na maneno yake yalikuwa yamekwisha kukomaa. Sisi tunalijua jambo hili. Mbele ya watu hatusemi tunakwenda kukojoa. Tunakwenda haja ndogo, tunakwenda kujisaidia, tunatoka nje kidogo. Mzee wa taifa lolote ana njia yake ya kuizunguka aibu, na njia hiyo huchongwa ujanani.

Ninasomea historia, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikifuatilia swali dogo: ni nani aliyeamua Kiingereza gani kinamtosha mtu anayetaka kuwahudumia wazee wa Uingereza, na aliamuaje? Nilidhani nitapata historia ya mitihani. Niliyoipata ni historia ya wazee wasiotakiwa, wahudumu waliopelekwa kwao kwa kukosa pa kwenda, na mlango ambao kila baada ya miaka kadhaa hubadilishwa kufuli.

*

Tiba ya wazee ni fani changa. Neno lake la Kiingereza, geriatrics, lilibuniwa mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi New York. Nchini Uingereza hadithi husimuliwa kuanzia mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex, pembezoni mwa London. Hapo daktari Marjory Warren alikabidhiwa wodi za iliyokuwa hospitali ya nyumba ya maskini iliyopakana nao. Alikuta wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wamelazwa kwa miaka. Aliyepooza kwa kiharusi alikuwa kando ya aliyevunjika nyonga, na aliyechanganyikiwa akili kando ya asiyekuwa na ugonjwa wowote ila umaskini. Warren aliwapima mmoja mmoja, akawagawa kwa maradhi yao, akawaamsha kitandani. Wengi waliweza kusimama tena, na baadhi wakarudi makwao. Mwaka 1943 aliandika katika British Medical Journal kwamba wagonjwa wa namna hii wanastahili wodi ndani ya hospitali za kawaida, kama wagonjwa wengine.

Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, ilizirithi wodi hizo. Madaktari vijana wa Kiingereza hawakuzigombania. Hazikuwa na upasuaji wa kujipatia jina, wala wagonjwa wa kulipa fedha za pembeni. Hata jina la fani lilitafutwa kwa kupapasa: chama chao kilichoanzishwa mwaka 1947 kiliitwa Medical Society for the Care of the Elderly, na ilipofika 1959 kikajiita British Geriatrics Society. Kazi isiyo na jina la kudumu haiwavuti wenye kuchagua.

Wakaja wasio na kuchagua. Watafiti Parvati Raghuram, Joanna Bornat na Leroi Henry wamekusanya simulizi za madaktari waliotoka India, Pakistan, Bangladesh na Sri Lanka wakaishia kuwa mabingwa wa tiba ya wazee. Wengi hawakuvuka bahari kwa ajili ya wazee. Walitaka upasuaji, walitaka moyo. Milango ile ikawa mizito, na mlango huu ukawa wazi. Baadhi yao walikuja kuipenda kazi hii na kuijenga, na fani iliyodharauliwa ikapata heshima kwa mikono ya watu waliokuwa wamenyimwa fani walizozitaka.

Kwa wauguzi mambo yalikuwa magumu zaidi. Sheria ya wauguzi ya mwaka 1943 ilikuwa imeanzisha daraja la pili la uuguzi, la mafunzo ya miaka 2 badala ya 3. Wasichana wengi kutoka Karibi na Afrika walioitikia wito wa hospitali za Uingereza miaka ya 1950 na 1960 walielekezwa kwenye daraja hilo, mara nyingi bila kuambiwa kwamba cheti chake hakitakuwa na thamani watakaporudi kwao. Na walipopangiwa zamu, mara nyingi walijikuta katika wodi za wazee na za magonjwa ya akili.

Kiingereza chao kilipimwaje? Kwa sehemu kubwa hakikupimwa. Aliyetoka shule za dola alihesabiwa kuwa anaijua lugha ya dola. Mengine waliyajua kitandani kwa mgonjwa, na walimu wao walikuwa wagonjwa wenyewe. Huko ndiko mtu alikojifunza kwamba mzee akisema amekuwa "poorly" anaumwa, wala hazungumzii umaskini. Alijifunza kwamba "a funny turn" ni kizunguzungu cha ghafla kisicho na kicheko ndani yake, na kinaweza kuwa dalili ya kiharusi kilichopita haraka. Alijifunza kwamba "waterworks" za bwana mzee si mabomba ya nyumbani kwake. Hakuna kitabu cha shule ya misheni kilichokuwa na maneno hayo. Walioyakosa waliitwa wajinga, na walioyapata hawakupewa cheti chochote kwa kuyajua.

*

Mlango ulianza kufungwa mwaka 1975. Mwaka huo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza liliacha kuzitambua moja kwa moja shahada za udaktari za India, na ukaanzishwa mtihani wa lugha na utabibu kwa madaktari wa kigeni waliotaka usajili wa muda. Baadaye mtihani huo uliitwa PLAB, jina ambalo daktari yeyote kijana wa Nairobi au Kampala mwenye nia ya kuhama analijua. Wakati huo madaktari wa nchi jirani za Ulaya walikuwa wakifunguliwa njia nyingine, isiyopitia mtihani huo. Daktari aliyesoma kwa Kiingereza Madras akawa anapimwa Kiingereza, na aliyesoma kwa Kijerumani au Kiitaliano akawa anapita.

Kando ya hapo kulikuwa na mtihani mwingine, ambao haukutungwa kwa ajili ya hospitali hata kidogo. British Council ilihitaji kupima Kiingereza cha wanafunzi wa kigeni waliotaka kusoma vyuo vya Uingereza. Mwaka 1980 ulianza mtihani ulioitwa ELTS, wenye sehemu tofauti kulingana na masomo ya mtahiniwa, na mojawapo ilikuwa ya utabibu. Mwaka 1989 ukarithiwa na IELTS, na sehemu zikapunguzwa: utabibu ukawekwa pamoja na sayansi za uhai. Mwaka 1995 sehemu hizo zote za kitaaluma zikafutwa. Tangu hapo anayetaka kusomea sheria, uhandisi au uchumi husoma vifungu vya aina moja na kuandika insha ya aina moja.

Kwa chuo kikuu huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mtihani mmoja ni rahisi kuutunga, kuusahihisha na kuulinganisha kutoka nchi hadi nchi. Lakini wasimamizi wa taaluma za afya nao wakauchukua mtihani huo na kuuweka mlangoni pao. Kwa miaka mingi muuguzi aliyetaka kusajiliwa Uingereza alidaiwa alama 7 kati ya 9 katika kila sehemu, ikiwemo insha ambayo ingeweza kumuuliza maoni yake kuhusu utalii au matangazo ya biashara. Mwaka 2017 ikaripotiwa kwamba hata wauguzi waliozaliwa na kulelewa ndani ya Kiingereza, wa huko Australia, walikuwa wakianguka. Walikuwa wamehudumia wagonjwa kwa lugha yao ya mama kwa miaka. Walichoshindwa ni kuandika insha ya kitaaluma kwa mpangilio unaotakiwa.

*

Jibu lilikuwepo tayari, na lilikuwa Australia hiyo hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na madaktari, wauguzi na madaktari wa meno waliokuja kama wakimbizi na wahamiaji, wenye ujuzi na vyeti, lakini wasioruhusiwa kufanya kazi. Mtaalamu wa lugha Tim McNamara alipewa kazi ya kutengeneza upya mtihani wao. Hoja iliyoongoza kazi hiyo inaweza kusemwa kwa sentensi moja: mpime mtu kwa kazi atakayoifanya. Ndipo ukapatikana mtihani unaoitwa Occupational English Test, OET. Muuguzi hasemi kuhusu utalii. Anapewa kadi yenye maelezo mafupi ya mgonjwa, mtu mwingine anaigiza kuwa mgonjwa huyo, nao wanazungumza kwa dakika chache. Katika kuandika, anapewa kumbukumbu za mgonjwa na kutakiwa kuandika barua, kwa mfano ya kumkabidhi kwa muuguzi wa mtaani.

Hata hivyo kulibaki mwanya. Kwa muda mrefu waliosahihisha sehemu ya kuzungumza walikuwa wataalamu wa lugha, na walisikiliza mambo ya lugha: matamshi, ufasaha, sarufi, msamiati. Watafiti walipowauliza madaktari na wauguzi wazoefu wao husikiliza nini wanapomtazama mwanafunzi akizungumza na mgonjwa, majibu yalikuwa mengine. Je, amemsikiliza? Ametambua anachokiogopa? Amemweleza kwa kipimo anachoweza kukibeba? Mwaka 2018 vigezo vya namna hiyo viliingizwa rasmi katika usahihishaji: kujenga uhusiano, kuuelewa mtazamo wa mgonjwa, kuyapanga mazungumzo, kukusanya habari na kutoa habari. Zaidi ya miaka 30 tangu mtihani ulipobuniwa, mgonjwa alikuwa ameingia katika alama.

Kilichoisukuma Uingereza kuyafikiria upya mambo haya kilikuwa kifo cha mzee. Februari 2008, daktari aliyetoka Ujerumani kufanya zamu ya mwisho wa wiki huko Cambridgeshire alimchoma mgonjwa wa miaka 70 miligramu 100 za diamofini, kiasi kinachozidi mara nyingi kile cha kawaida. Mzee huyo alikuwa na maumivu ya figo. Alikufa siku hiyo hiyo. Ilifahamika kwamba daktari alikuwa ameshindwa kipimo cha lugha katika eneo moja la nchi, akakubaliwa katika eneo jingine. Sheria ikabadilishwa, na kuanzia mwaka 2014 Baraza la Madaktari likaweza kudai uthibitisho wa Kiingereza kutoka kwa madaktari wa Ulaya. Mwaka 2016 wauguzi wa Ulaya wakafuata. Mwishoni mwa 2017 OET ikakubaliwa kwa wauguzi, na mwaka uliofuata alama ya kuandika katika IELTS ikashushwa hadi 6.5.

Ukisoma habari za kifo hicho kwa makini, utaona kwamba daktari mwenyewe alieleza kuwa alichanganya dawa mbili, na dawa aliyoitumia hakuwa ameizoea katika kazi yake Ujerumani. Alikuwa pia mgeni katika mfumo ule, peke yake, katika zamu yake ya kwanza. Lugha ilikuwa uzi mmoja katika fundo lenye nyuzi nyingi. Lakini lugha ndiyo inayoweza kupewa alama, na kila fundo la namna hii linapofunguliwa hadharani, uzi wa lugha ndio unaovutwa kwanza.

*

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya wasio na ajira wakafanye kazi huko. Novemba mwaka huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10.

Nchi ilicheka. Mitandaoni kila mtu alikuwa na kichekesho chake kuhusu Kiingereza cha wauguzi wetu. Binafsi nadhani kicheko kile kilikuwa cha haraka mno. Wauguzi wale walisoma kwa Kiingereza, wakatahiniwa kwa Kiingereza, wakapewa leseni kwa mtihani wa Kiingereza. Ikiwa watu wa namna hiyo 290 kati ya 300 wanaanguka, ama shule zetu zimetudanganya kwa miongo kadhaa, ama mtihani ulipima kitu ambacho hakuna aliyewaandaa kwacho. Ninayaamini yote mawili kwa kiasi chake. Maandalizi yenyewe hugharimu fedha, na waliohitajika kulipa ni watu waliokuwa hawana kazi.

Dada yangu ni muuguzi katika mji mmoja wa Pwani. Alipokuwa akijiandaa kwa mtihani, mgonjwa wake nilikuwa mimi. Jioni baada ya zamu tulikaa mezani, akanipa kadi aliyotengenezewa na mwalimu wake: wewe ni bibi wa miaka 82, unaishi peke yako, umeanguka jikoni, hutaki fimbo ya kutembelea kwa sababu majirani watasema umezeeka. Nami nikaikataa fimbo kwa Kiingereza changu chote.

Dada hakukwama kwenye mifupa wala dawa. Alikwama kwenye neno la kwanza: amwiteje bibi huyu? Kazini kwake kila mwanamke wa umri huo ni bibi, au ni mama fulani kwa jina la mtoto wake. Salamu hutangulia, shikamoo, naye mzee huitikia marahaba, na hapo ndipo mtu hupata ruhusa ya kumgusa mwili. Kwenye kadi bibi aliitwa Margaret.

"Mdogo wangu, mtu wa miaka themanini na mbili nimwite Margaret, kama niliyecheza naye kombolela?"

Nikamwambia atangulize Mrs.

"Mrs nani? Jina la ukoo hawakuandika."

Mwishowe akamwita "my dear", kama alivyowasikia wauguzi kwenye filamu, na akaridhika kwamba amepata neno lenye upole.

Mtu angedhani amepata kweli. Lakini neno hilo lina kesi yake. Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani Linnda Caporael alichapisha uchunguzi wa maongezi katika nyumba moja ya wazee. Alirekodi wahudumu, akawasikilizisha watu sauti zilizochujwa maneno yakabaki mawimbi ya sauti tu. Wasikilizaji hawakuweza kutofautisha sauti ya kitoto waliyosemeshwa wazee na ile wanayosemeshwa watoto wadogo. Watafiti waliofuata waliipa lugha hiyo jina, elderspeak: sauti nyembamba, sentensi fupi kupita kiasi, "sisi" mahali pa "wewe", na vijina vitamu kama dear na sweetie. Mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake walionyesha kwamba wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliposemeshwa hivyo walielekea zaidi kuukataa msaada: kusukuma mkono, kugeuza uso, kupiga kelele. Akili ilikuwa imepoteza majina ya wajukuu, lakini ilikuwa bado inajua kudharauliwa. Mwaka 2012 tume iliyochunguza hadhi ya wazee katika hospitali na nyumba za wazee za Uingereza iliitaja lugha hiyo miongoni mwa mambo ya kuachwa.

Kwa hiyo dada yangu, aliyetoka katika lugha yenye salamu maalumu ya mkubwa kwa umri, alikuwa akijifunza kwa bidii tabia ambayo wenye lugha walikuwa wakijaribu kuiacha. Mwalimu wake alimsahihisha kwa swali moja, ambalo sasa hufundishwa sana: "What would you like me to call you?" Ungependa nikuiteje? Dada alilirudia mara kadhaa, kisha akasema kwamba hiyo ndiyo shikamoo yao. Nadhani alikuwa sahihi. Swali hilo, kama salamu yetu, huomba ruhusa kwanza, na mzee ndiye anayeitoa.

*

Katika kadi zote tulizosoma mezani pale, wazee walikuwa Margaret, Arthur na Dorothy. Hakuna ubaya, mtihani ni wa huko. Kilichonisumbua ni kwamba dada hajawahi kupewa kadi ya namna hiyo kwa ajili ya wazee anaowahudumia sasa. Alifundishwa uuguzi kwa Kiingereza, leseni aliipata kwa Kiingereza, faili anazojaza ni za Kiingereza. Kumwambia mzee wa Kigiriama au Kidigo kilichoandikwa humo ni kazi anayoachiwa mwenyewe, kwa Kiswahili akiweza, kwa msaada wa mjukuu wa mgonjwa asipoweza. Hypertension inakuwa presha na diabetes inakuwa sukari, na hapo mambo huenda. Ukifika kwenye dementia, maneno huanza kukatika. Wengi husema "ni uzee tu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Huko Kilifi mazungumzo yakiishia hapo, huendelea mahali pengine. Kwa miaka mingi wazee wa kaunti hiyo wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamelazimika kuyakimbia makazi yao. Nyuma ya tuhuma nyingi kuna mashamba na warithi wenye haraka. Lakini tuhuma huhitaji kitu cha kushika. Mzee anayepotea njia ya nyumbani, anayepatikana usiku uani kwa watu, anayezungumza na asiyeonekana, anaipatia tuhuma kitu hicho. Muuguzi wa zahanati angeweza kuwa mtu wa kwanza kusema, mbele ya mwana na mkaza mwana, kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, una jina, na mwenye nao hamrogi mtu. Kwa kulisema hilo anahitaji lugha, na anahitaji kuwa ameifanyia mazoezi. Tena inajulikana kwamba wengi wanaojua lugha zaidi ya moja, ugonjwa huo ukiwazidi, hupoteza kwanza zile walizojifunza ukubwani. Kiswahili cha sokoni kinaondoka. Kinabaki Kigiriama cha mama yake.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikutana na jambo ambalo nilikuwa nalijua bila kulitia maanani. Maofisa wa Kiingereza waliopelekwa Tanganyika walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ili wathibitishwe kazini. Serikali ya kikoloni haikufanya hivyo kwa upendo. Ilitaka kutawala, kukusanya kodi na kuhukumu kesi bila kudanganywa na wakalimani. Lakini ilielewa kwamba anayeshika maisha ya watu anapaswa kupimwa kwa lugha ya watu hao. Uingereza inalielewa hivyo hata leo kwa ajili ya akina Margaret, na ina haki. Sisi tulipojitawala tuliyachukua majengo ya hospitali, vyeo na faili, na kati ya vyote hivyo kipimo hiki ndicho tulichokiacha kianguke.

Njia ya kukirudisha haina siri, kwa kuwa OET imekwisha kuionyesha. Huhitaji maabara wala mkopo. Unahitaji kadi, watu wawili, na mzoefu mmoja wa kuwasikiliza. Kadi ya kwanza ingeweza kusomeka hivi: Wewe ni mzee wa miaka 78. Umeletwa zahanati na mwanao mkubwa. Wiki hii umepotea njia mara mbili, na majirani wameanza kunong'ona. Mwanao anaogopa kusema hilo. Wewe unadhani uko nyumbani kwa baba yako, na unataka kujua kijana huyu aliyevaa nguo nyeupe ni mtoto wa nani. Muuguzi ana dakika tano, na lugha ni ya mgonjwa.